Sauti za Wazee wa Waojibwe, na Jinsi Zilivyohifadhiwa

Kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, upande wa Kanada na upande wa Marekani, wakaa watu ambao wageni huwaita Waojibwe, au Chippewa. Wao wenyewe hujiita Anishinaabeg, na lugha yao huiita Anishinaabemowin. Maisha yao ya zamani yalifuata majira. Theluji ilipoanza kuyeyuka waligema utomvu mtamu wa miti na kuuchemsha hata ukawa sukari. Mwisho wa kiangazi waliingia maziwani na mitumbwi ya magome wakapukuta mpunga wa mwitu, uitwao manoomin. Na wakati wa baridi waliwinda, na usiku wakasimuliana hadithi. Elimu ya mambo haya yote ilikaa vinywani mwa wazee. Kwa muda wa miaka mia mbili watu wa namna nyingi wamejaribu kuitoa vinywani na kuitia katika vitabu, katika nta, na katika mashine. Neno la kuuliza ni hili: maneno hayo yalipokwisha kunaswa, yalikwenda kwa nani? Swali hili lawahusu walimu na mapadre kuliko watu wengine, maana watu wa kanisa walikuwamo miongoni mwa waliohifadhi, na walikuwamo miongoni mwa walioharibu.

Aliyetangulia kuandika kamusi kubwa ya lugha hii alikuwa padre, Frederic Baraga, mtu wa Slovenia, aliyezaliwa mwaka 1797. Mwaka 1835 alifika La Pointe katika kisiwa cha Ziwa Superior, na tangu hapo alikwenda kwa miguu katika theluji kuwatafuta Wakristo wake, hata akajulikana kwa jina la Padre wa Viatu vya Theluji. Sarufi yake ilipigwa chapa mwaka 1850, na kamusi mwaka 1853, mwaka ule ule aliofanywa Askofu. Kazi hii yastahili heshima, na hata leo wasomi huifungua. Lakini sikio la Baraga lilikuwa sikio la mgeni. Katika Kiojibwe urefu wa vokali hugeuza maana: agim ni kumwambia mtu ahesabu, na aagim, kwa kuvuta sauti ya kwanza, ni kile kiatu cha theluji chenyewe. Maandishi ya Baraga mara nyingi hayapambanui sauti hizo. Msomaji aliyenacho kitabu peke yake hawezi kujua neno litamkwe namna gani, isipokuwa yuko mzee wa kumwuliza.

Karibu na wakati huo William Warren, aliyezaliwa La Pointe mwaka 1825, na mamaye ni wa damu ya Kiojibwe, aliketi na wazee akawauliza habari za kuhama kwao, vita vyao na ukoo wao. Yeye hakuwa na haja ya mkalimani; yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Akafa mwaka 1853 akiwa kijana bado, na kitabu chake cha historia hakikutoka mpaka mwaka 1885. Wazee waliomwambia habari hizo wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la lugha, maana wasomaji wetu waliozoea ngeli watalitambua upesi. Majina ya Kiojibwe yamegawanyika mafungu mawili: ya vitu vyenye uhai na ya vitu visivyo na uhai, na kitendo hufuata fungu la jina. Sisi twasema mti umeanguka, lakini kiboko ameanguka, ingawa jina lake laanza kwa ki-. Waojibwe nao wana upatanisho kama huu, lakini mpaka wao haukupita mahali pa mpaka wetu. Mti uliosimama, mitig, ni wa fungu la wenye uhai. Neno hilo hilo likiwa na maana ya fimbo huhama fungu. Jiwe lina uhai, kadhalika theluji, sufuria, na kiko cha tumbaku. Tunda dogo liitwalo miskomin limo katika fungu la uhai, na ode'imin, ambalo nalo ni tunda dogo la mwituni, halimo.

Je, wanasadiki ya kuwa mawe ni hai, au ni sarufi tu? Mtaalamu Irving Hallowell, aliyekaa na Waojibwe wa Mto Berens huko Kanada katika miaka ya 1930, alimwuliza mzee mmoja kama mawe yote yaliyokuwapo mbele yao yana uhai. Mzee akafikiri muda mrefu, kisha akajibu kwamba siyo yote, ila baadhi yake. Hakuna kamusi ambayo ingetoa jibu hili. Lilipatikana kwa sababu mwuliza alikuwa na subira ya kungoja mtu anayefikiri.

Mashine ya kunasa sauti ilipotokea, watu walidhani shida imekwisha. Mwaka 1907 Bibi Frances Densmore, mwalimu wa muziki wa Minnesota, alianza kunasa nyimbo za Waojibwe katika silinda za nta, na baadaye taasisi ya Smithsonian ya Washington ilimlipa kwa kazi hiyo. Vitabu vyake viwili vya muziki wao vilitoka mwaka 1910 na 1913. Silinda moja yabeba dakika chache tu, tena kila ichezwapo nta hulika kidogo, hata sauti ikififia. Mzee alipaswa kuimba karibu na tarumbeta ya mashine, wala hakupata nafasi ya kueleza kwa utulivu. Na silinda zilipojaa zilipelekwa Washington.

Tusisahau serikali ile ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Tangu mwaka 1883 palikuwa na kanuni zilizokataza ngoma nyingi za dini na kazi za waganga katika nchi za wenyeji, na kanuni hizo ziliendelea kwa miaka hamsini hivi. Ofisi moja ikilipa mtu kunasa wimbo, ofisi ya pili ikimtisha mwimbaji. Katika shule za bweni, ambazo nyingi ziliendeshwa na makanisa, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mamaye aliadhibiwa. Basi jamii ile iliyompa Baraga karatasi ya kuandika kamusi ndiyo iliyowanyima watoto ruhusa ya kuyatamka maneno yaliyomo. Kanisa la Anglikana la Kanada liliomba radhi kwa ajili ya shule hizo mwaka 1993, na mwaka 2022 Papa Fransisko alisafiri mpaka Kanada kufanya hivyo. Lakini kizazi kilichoadhibiwa hakikuwafundisha watoto wao, kwa kuwaogopea. Na hiyo ndiyo sababu wazee wa leo wenye lugha kamili ni wachache.

Pana jambo jingine ambalo wenye mashine walilipita upesi mno. Waojibwe hupambanua masimulizi ya namna mbili. Dibaajimowin ni habari: mambo yaliyompata mtu, au aliyoyasikia. Aadizookaan ni hadithi takatifu ya kale, na jina hili limo katika fungu la wenye uhai, kana kwamba hadithi yenyewe ni mtu. Hadithi hizo husimuliwa wakati wa baridi tu, theluji ikiwa chini. Wazee wetu wa Afrika ya Mashariki waliokataza hadithi za mchana hawatashangaa. Anayetaka kufundishwa humletea mzee tumbaku, asemaa, naye mzee akiipokea amekubali. Lakini sauti iliyonaswa haijui majira. Yaweza kufunguliwa kiangazi, na mtu asiyeleta kitu. Kwa hiyo mzee akataaye hadithi fulani isinaswe haoni haya kuikataa, wala hazuii elimu. Aitunza kwa masharti yake. Mimi naona mwenye kuandika aliyeambiwa hapana, akafunga daftari lake, amefanya kazi yake vema.

Tena kwa mwalimu, habari za nyumbani zina faida kuliko nyimbo za ibada. Kwa wimbo wa silinda huwezi kujifunza jinsi ya kumwita mtoto aje kula. Maude Kegg, aliyezaliwa Minnesota mwaka 1904 na kulelewa na bibi yake, alimsimulia mwanalugha John Nichols mambo ya utoto wake kwa Kiojibwe: sukari, mpunga, utundu wake na makaripio ya bibi. Mwaka 1991 yalitoka katika kitabu kiitwacho Portage Lake, Kiojibwe upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Alichagua mwenyewe la kusema. Yeye alifariki mwaka 1996. Na Nichols, pamoja na Earl Nyholm, alikuwa ametoa kamusi mpya mwaka 1995, ambayo vokali ndefu huandikwa kwa herufi mbili. Kisha Chuo Kikuu cha Minnesota kikatengeneza kamusi ya intaneti, na humo mtu husikia maneno kwa sauti za wazee wenyewe. Shida ya agim na aagim huondoka kwa kusikia mara moja.

Zile silinda nazo zilianza kurudi. Tangu mwaka 1979 Maktaba ya Bunge ya Marekani ilizinakili katika kanda na kuwapelekea wenyeji nakala, na wajukuu wakazisikia sauti zilizoondoka kwao kabla hawajazaliwa. Na huko Lac Courte Oreilles, Wisconsin, mwaka 2001 ilifunguliwa shule iitwayo Waadookodaading, maana yake mahali pa kusaidiana, ambapo watoto hufundishwa hesabu na masomo mengine kwa Kiojibwe. Wazee waliombwa waje kukaa na walimu, maana maneno mengi ya darasani hayakuwamo katika kamusi yo yote, nao wakaketi na kuyatunga kwa kufuata lugha yao wenyewe. Na hadithi takatifu, walimu wengi wa taifa hilo huziweka kando mpaka theluji ianguke.