Msuka na Mpini: Habari za Kiungo cha Chuma na Mti katika Nchi ya Njombe

Waandishi walioeleza uhunzi wa nyanda za juu za kusini aghalabu wamelisifu tanuru na moto wake, wakataja udongo wa chuma, mkaa, mivukuto, miiko na dawa zilizofukiwa chini ya tanuru, kisha wakakomea pale jembe lilipotoka juu ya fuawe. Lakini jembe lisilotiwa mpini halikupata kulima hata tuta moja, na mahali pale padogo ambapo chuma huingia katika mti, mahali pasipozidi upana wa kiganja, ndipo ustadi wa mhunzi na wa mchonga mpini ulipotahiniwa kila siku na mtu aliyeinama shambani. Habari za kiungo hicho zinastahili kuandikwa, jinsi kilivyofungwa zamani, jinsi kilivyogeuzwa na biashara ya majembe ya ng'ambo, na jinsi kinavyosahauliwa leo katika mikuki na majembe ya mfano yatengenezwayo kwa ngoma, kwa michezo ya jukwaani na kwa picha za sinema.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, umekusanya nchi ambazo zama za Waingereza zilikuwa katika wilaya moja: Ubena, Ukinga ambao leo ni Makete, na Upangwa ulioko Ludewa, ambako mlima wa Liganga umejaa mawe ya chuma. Wakinga walikuwa wahunzi mashuhuri, wakiteremka na majembe yao mpaka kwa Wanyakyusa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako ardhi ina rutuba, nao wakarudi na chakula, biashara aliyoiandika Monica Wilson katika uchunguzi wake wa watu wa sehemu hizo. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu, bali lilikuwa mali, na aliyeposa alihesabiwa majembe katika mahari yake. Kilichosafiri ni chuma. Mpini ulichongwa na mwenye jembe kwa mti wa kwao.

Kiungo cha zamani kilifungwa hivi. Mhunzi aliufua mwili wa jembe ukawa bapa, na nyuma yake akauacha msuka, yaani mkia wa chuma wa kuingia katika mpini, mnene penye jembe na mwembamba kuelekea nchani. Mchonga mpini naye akatafuta tawi au shina lenye kifundo kichwani, pale nyuzi za mti zinapopindana na kusokotana hata shoka hushindwa kuzipasua, akalikata na kulikausha kwa subira, kisha msuka ukatiwa motoni hata ukaiva, ukachomekwa katika kifundo, ukaunguza njia yake wenyewe kidogo kidogo, ukatolewa, ukatiwa moto tena, mpaka ncha ikatokea upande wa pili. Tundu lililofanywa namna hiyo halikuwa na nafasi ya ziada, maana lilitobolewa na kile kile kitakachokaa ndani yake. Na kwa kuwa msuka una umbo la kabari, kila pigo la ardhi liliusukuma ndani zaidi, hata kazi yenyewe ndiyo iliyokaza. Jembe likitakiwa kurudi kwa mhunzi kufuliwa upya, ncha ile iliyochomoza iligongwa kwa jiwe, na chuma kikatoka bila kuudhuru mpini.

Katika umbo hilo imo faida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo yatokana na tabia ya mti. Mti ukikauka hupungua upana wake, na tundu lililo ndani yake hupungua pamoja nao. Basi madhali mti ndio unaokikumbatia chuma, kiangazi hukaza kiungo badala ya kukilegeza, na hatari inayosalia si kupwaya bali ni kupasuka, nayo ndiyo iliyokingwa kwa kuchagua kifundo kilichosokotana. Lakini pale chuma ndicho kinachoukumbatia mti mambo hugeuka kabisa: tundu la chuma halipungui, mti uliomo ndani yake hupungua, na jembe lililokaa imara mwezi wa Machi huchezacheza mwezi wa Septemba. Sijui mageuzi mengine ya zana za mkulima wetu yaliyokuwa makubwa kama haya ya kulihamisha tundu kutoka katika mti kwenda katika chuma, na yaliyoandikwa kidogo kama hayo.

Mageuzi yenyewe hayakuja kwa siku moja. Tangu zama za Wajerumani majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia kwa wingi, mengine yakiwa na msuka kwa kuiga ya wenyeji, mengine yakiwa na tundu la pete, na baadaye yale ya Chillington kutoka Wolverhampton, yenye chapa ya mamba, yakawa maarufu pande nyingi za Afrika. Jembe la dukani lilikuwa rahisi, na kuyeyusha chuma kulidai mkaa mwingi na siku nyingi, hivyo matanuru yakazimika moja baada ya jingine. Baada ya Uhuru kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina, kikatoa majembe ya tundu, na jembe la msuka likawa kitu cha wazee. Mhunzi hakufa, walakini alibadili malighafi yake: Makambako, ambako barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya, na ambako hupita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, hapakosi springi za malori yaliyochakaa, na chuma cha springi ni kizuri kwa panga na kwa shoka.

Makambako pia ni mji wa upepo. Kiangazi upepo huvuma kutwa, hewa ikawa kavu, na mpini uliotundikwa ukutani tangu mavuno hupoteza maji yake mengi. Mvua za kwanza zinaposhuka na watu wakashika majembe, vichwa vya chuma huruka. Dawa iliyozoeleka ni kuliloweka jembe usiku kucha katika ndoo. Dawa hiyo hufaa kwa asubuhi moja, kisha hudhuru, kwa sababu mti uliovimba ndani ya pete ya chuma husongwa, nyuzi zake zikavunjika nguvu, na ukikauka tena huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Iliyo bora ni kuchonga mpini kwa mti uliokwisha kukauka barabara, wa muwati kwa mfano, ambao haukosekani Njombe tangu kampuni ya miwati, TANWAT, ilipoanzishwa mwaka 1949, na kuutia katika pete wakati wa kiangazi, mti ukiwa katika upungufu wake wa mwisho, ili mvua zijapo zikaze.

Mkuki una habari yake. Wangoni, waliotoka kusini ya Afrika wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, walikuja na mkuki mfupi wa kuchomea kwa mkono, ambao msuka wake hupigwa ndani ya mti ulionyooka usio na kifundo, hivyo hatari ya kupasuka ni kubwa mno. Kinga yake ni ngozi mbichi, aghalabu ngozi ya mkia wa ng'ombe iliyovuliwa nzima mfano wa soksi, ikavishwa juu ya kiungo ingali na maji, ikaachwa kivulini ikauke. Ngozi ikikauka hujikunja na kubana. Mikuki ilishikwa katika vita vya Wangoni na Wahehe vya miaka ya 1870 na 1880, na ilishikwa Septemba 1905, vita vya Maji Maji vilipofika Ubena na misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ikashambuliwa.

Vita vya Maji Maji vimekuwa mchezo wa jukwaani tangu Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na wanafunzi wa shule nyingi wamepata kushika mikuki ya mfano. Sinema nayo imeigiza uhunzi wenyewe: katika filamu iitwayo The Tree of Iron, ya mwaka 1988, wazee wa Buhaya walijenga tanuru na kuyeyusha chuma kama walivyofanya ujanani mwao, na huku kwetu wazee wa Upangwa waliirudia kazi hiyo mbele ya mtafiti wa Norway, Randi Barndon, ambaye kitabu chake juu ya Wapangwa na Wafipa kilitoka mwaka 2004. Wazee hao waliiga kazi, si sura. Wengi watengenezao vyombo vya maigizo huiga sura peke yake: bati hukatwa umbo la mkuki, huchomelewa msumari, mti hutobolewa kwa keekee tundu pana kuliko msumari, gundi humiminwa, na baada ya ngoma mbili tatu kichwa hupwaya. Hapo mtu hupigilia msumari wa pembeni, na mti hupasuka.

Mkuki wa namna hiyo huponyeka. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote, maana gundi mpya haishiki juu ya mabaki. Tundu likiwa pana, lijazwe kijiti kikavu cha mti ule ule, nyuzi zake zikielekea pamoja na nyuzi za mpini. Msumari mwembamba ubadilishwe kwa msuka ufuliwao mraba, maana kitu cha mviringo huzunguka ndani ya tundu na cha mraba hakizunguki. Tundu dogo litobolewe, msuka utiwe moto kiasi, uingizwe na kutolewa mpaka upate njia yake, nao ukipoa uingizwe kwa mara ya mwisho. Kisha ngozi mbichi ivutwe juu ya kiungo, iungwe kwa uzi mpaka ishike umbo, na iachwe kivulini, mbali na jua na mbali na moto, kwa sababu ngozi ikaushwayo kwa haraka hupasuka penye mshono. Watunzaji wa makumbusho na walimu wa ngoma wangefanya vema kuwaita wahunzi wa Makete na Ludewa wawaonyeshe vijana kazi hii kwa mikono, madhali wangalipo wajuao, na kuwapa wageni wa makumbusho jembe moja la msuka walishike na kulipiga ardhini, badala ya kulitundika nyuma ya kioo.