Nyumba Tulizojenga Tukiwa Vijana

Historia ya nyumba zetu husimuliwa kwa habari ya kuta na mapaa: lini tuliacha udongo, lini bati la kwanza lilifika kijijini, nani alitangulia kuweka sakafu ya saruji. Ni nadra kusimuliwa kwa habari ya miguu ya wanaoishi ndani yake. Nina miaka sabini na mitano sasa, na miguu yangu imenilazimisha kuisoma historia hiyo upya. Kila kizingiti kina tarehe yake, na kila shimo la choo lina sababu yake.

Nilizaliwa katika tembe, huko Singida. Ilikuwa nyumba ya giza na moshi, yenye mlango mfupi uliomlazimu mtu kuinama, nami sitaki kuisifu kupita kiasi. Lakini paa lake zito la udongo lilibebwa na nguzo za miti zilizosimama ndani, hatua chache kutoka moja hadi nyingine. Bibi yangu alikuwa amepoteza nuru ya macho, hata hivyo alitembea humo bila msaada, akiiacha nguzo hii na kuipokea ile. Sakafu ilikuwa ya udongo, karibu sawa na ua, wala haikuteleza. Alipotaka kwenda haja alisindikizwa na mjukuu, na mara nyingi mjukuu huyo nilikuwa mimi. Nguzo zile hazikuwekwa kwa ajili ya wazee. Ziliwekwa kwa ajili ya paa. Wazee walijipatia faida tu.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana, mwaka wa pili tangu kutoka chuo cha ualimu, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana wa leo hawaijui, kwa hiyo niieleze kidogo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitayarisha vipindi vya redio vya wiki kumi na mbili pamoja na vitabu vyake. Watu walikusanyika vikundi vikundi, darasani au chini ya mti, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaazimia kazi ya kufanya. Walitazamiwa watu milioni moja. Walijiunga kama milioni mbili. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa kama 75,000, na mmoja wao nilikuwa mimi. Maadui walitajwa kwa majina: malaria, safura, kuhara, kichocho, kifua kikuu. Tulifyeka nyasi, tukafukia madimbwi, na zaidi ya yote tukachimba vyoo.

Wako wanaoicheka kampeni ile leo. Mimi simo. Niliwaona watoto waliokuwa wakifa kwa kuhara kabla yake, na najua choo kile kilikuwa na maana gani. Lakini ukikitazama kwa macho ya mzee, msomaji wangu, utaona mengine. Tulijadili kina cha shimo, umbali wake kutoka kisimani, na kifuniko cha kuzuia inzi. Goti halikuwamo katika mjadala, wala lisingetarajiwa kuwamo, kwani wachimbaji walikuwa watu wa miaka ishirini na thelathini, na kuchuchumaa kwao lilikuwa jambo dogo kama kupiga chafya. Choo kiliwekwa nyuma kabisa ya nyumba kwa sababu ya harufu, mwisho wa njia ya udongo, na ndani yake hapakuwa na kitu cha kushika.

Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kufikia 1976 sehemu kubwa ya watu wa mashambani ilikuwa imeingia vijijini. Nyumba zikapangwa kwa mistari. Polepole likaja bati, ambalo ni jepesi na hubebwa na kuta, nguzo za ndani zikaondoka. Ikaja saruji, na pamoja nayo msingi ulioinuliwa ili maji ya mvua yasiingie ndani, ndiyo maana mlangoni kukawa na ngazi mbili au tatu. Yote hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Hata hivyo, mzee aliyetoka katika tembe akaingia nyumba mpya alipoteza nguzo, akaongezewa ngazi, na choo kikamwendea mbali.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchimbaji hodari katika mwaka ule wa kampeni. Alianguka mwaka 2016, usiku wa mvua ya Machi, mlangoni mwa choo alichokichimba mwenyewe pale kijiji kilipohamia. Mkono mmoja ulikuwa na tochi, wa pili fimbo. Hakubakiwa na mkono wa kujiokoa. Nyonga ilivunjika. Alilala miezi mitano, akapata vidonda vya mgongoni, akafariki. Msibani ilisemwa kwamba uzee umemchukua, na watu wakaitikia. Mimi sikuitikia. Uzee haukuwa umemzuia kulima bustani yake wiki ileile.

Jirani yetu mmoja, aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni, alikuwa na shida iliyozidi hiyo. Choo kilichojengwa ili mikono ya watu iwe safi, yeye alikiingia kwa viganja.

Wenzetu ng'ambo walikwisha anza kupima mambo haya. Mwaka 1961, mwaka tuliopata Uhuru, Marekani ilitoa kipimo chake cha kwanza cha kitaifa cha majengo yanayofikika na walemavu. Humo mteremko wa kuingilia mlangoni haukuruhusiwa kuinuka zaidi ya sehemu moja kwa kila sehemu kumi na mbili za urefu. Mwaka 1963 Selwyn Goldsmith, msanifu majengo wa Uingereza aliyepata ulemavu kwa polio, alichapisha kitabu kizima juu ya ujenzi wa namna hiyo. Kwetu, baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu wa 1981, zilitungwa sheria mbili mwaka 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Sera ya Taifa ya Wazee ikaja 2003, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu 2010. Sheria hii ya mwisho inataka majengo ya umma yafikike. Ni jambo jema, lakini mzee haendi ofisi ya serikali saa nane za usiku. Nyumba yake imebaki shauri lake na fundi wake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimwita fundi.

Mlango wangu wa nyuma umeinuka sentimita 30. Kwa kipimo kile cha 1961 nilihitaji mteremko wa mita 3.6, na fundi alinicheka, akasema huo ni uwanja wa ndege. Tuliujenga hivyohivyo, akaukwaruza kwa ufagio kabla saruji haijakauka ili usiteleze. Chooni tulichimbia bomba mbili za chuma za maji, moja kila upande wa tundu, tukazikaza kwa zege. Seremala akatengeneza kiti chenye tundu katikati, cha kuwekwa juu ya shimo na kuondolewa kwa kusafisha. Kutoka mlangoni hadi chooni tumesimika miti na kuiunganisha kwa ubao laini wa kuegemea mkono, na taa ya umeme wa jua inaangaza njia, hivyo tochi nimeiacha. Ukingo wa ngazi za mbele nimeupaka chokaa. Kitanda kilikuwa kirefu, miguu ikining'inia, kimekatwa. Kilichokula fedha ni saruji na bomba. Mengine ni kazi ya siku sita.

Wazee wawili wa mtaa huu wamekwisha kuja kupima ubao kwa mikono yao, na mmoja amemwazima fundi wangu. Watoto wana mawazo mengine. Kwao nyumba ya mzazi inayoheshimika ni yenye marumaru inayong'aa, na marumaru iliyolowa haina huruma kwa mtu wa umri wangu. Mwezi uliopita mwanangu alinitumia fedha za kuiweka sebuleni. Nimenunua saruji na bomba la tatu, la bafuni, na Desemba atakapokuja likizo atajionea mwenyewe.