Msamaha Usio na Mlipaji: Uchumi wa Matibabu ya Wazee Tanzania

Kwenye ukuta wa zahanati moja ya kijijini kuna maandishi ya rangi ya bluu: wazee hutibiwa bure. Siku niliyofika, bibi mmoja alikuwa na kitambulisho chake cha mzee, amekifunga kwenye pindo la khanga pamoja na noti mbili. Alipimwa presha, akasikilizwa, akaandikiwa dawa. Hakutozwa hata senti. Dirishani muuguzi alimpokea kwa adabu zote: "Shikamoo bibi. Hii ya presha imeisha, labda ujaribu pale duka la dawa." Bibi akaitikia marahaba, akakunja karatasi, akafungua pindo. Noti moja ilikuwa ya bodaboda. Ya pili ilimpatia vidonge vya siku kumi, naye tangu zamani ana mazoea ya kukata kimoja mara mbili ili vifike mwisho wa mwezi.

Kwa takwimu za zahanati, bibi huyo amehudumiwa bure. Kwa hesabu ya pindo lake, amelipa kila kitu isipokuwa ada ya kumwona mganga, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote.

Kwa kawaida hali hii huelezwa kama tatizo la usambazaji: Bohari ya Dawa imechelewa, halmashauri haikuagiza mapema. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayajibu swali moja dogo. Kwa nini kwenye zahanati ileile dawa za kufubaza VVU zipo, chanjo za watoto zipo, na kidonge cha presha ndicho kisichokuwepo? Barabara ni moja. Jibu liko kwa mlipaji. Dawa za VVU kwa miaka mingi zimekuwa na Mfuko wa Dunia na fedha za Marekani nyuma yake, chanjo zina Gavi. Kidonge cha presha, ambacho ni cha bei nafuu mno kikilinganishwa na hizo, hakina mfadhili wala mtetezi. Mzee mwenye VVU na presha kwa pamoja hupewa dawa za miezi kadhaa kwa ugonjwa mmoja, na karatasi kwa ugonjwa wa pili.

Tuangalie jinsi msamaha wenyewe ulivyoundwa. Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993, ukaja na orodha ya wanaosamehewa: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wagonjwa wa maradhi fulani sugu, maskini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ahadi ya matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo ikawekewa msingi. Lakini ahadi hiyo haikufuatwa na fungu la kuirudishia zahanati kile inachosamehe. Makusanyo ya papo kwa papo, marejesho ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na michango ya Mfuko wa Afya ya Jamii ndiyo hela zinazomwezesha mganga mfawidhi kununua dawa za kujazia pale mgao wa serikali unapopungua. Mwenye bima akija, zahanati inaingiza. Mzee akija, zahanati inatoa. Huhitaji kumdhania mtu yeyote roho mbaya ili kuona sanduku la dawa litaelekea upande gani.

Kwa lugha ya wachumi, msamaha ni kodi iliyofichwa inayotozwa kituo cha afya, na kituo huihamishia kwa mzee kwa njia ya uhaba. Ndiyo maana siungi mkono kampeni za kuongeza madirisha ya wazee na mabango ya kuwapisha mbele. Foleni fupi ni jambo jema. Lakini kumfikisha mzee haraka kwenye rafu tupu ni ukarimu wa nusu.

Wapo watakaosema nchi yetu ni ya vijana. Katika sensa ya 2012 wazee walikuwa kama watu milioni 2.5, chini ya asilimia 6 ya Watanzania, basi shilingi iende kwa mtoto kwanza. Hoja hii ina ukoo mrefu. Kipimo cha mzigo wa maradhi kilichotumiwa na Benki ya Dunia katika ripoti yake ya mwaka 1993 kiliupa mwaka mmoja wa maisha ya kijana uzito mkubwa kuliko mwaka wa mzee, na uzito huo wa umri ulikuja kuondolewa miaka mingi baadaye. Umeondolewa kwenye fomula, ila sidhani kama umeondoka vichwani mwa wapanga bajeti.

Kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba gharama ya uzee hubaki kwa mzee. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu watu saba kati ya kumi wenye miaka 70 na zaidi wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Presha isiyotibiwa inaweza kuishia kwenye kiharusi, na kiharusi hakimlazi mtu mmoja. Kuna binti atakayefunga genge lake la nyanya, au mkamwana atakayeacha palizi, ili amgeuze mgonjwa, amwogeshe, amlishe uji kwa kijiko, pengine kwa miaka. Kazi hiyo haina risiti, kwa hiyo haimo katika pato la taifa wala katika bajeti ya Wizara ya Afya. Nguvukazi inayodaiwa kulindwa kwa kumweka mzee nyuma ndiyo inayofungwa kitandani pamoja naye.

Zanzibar ilishika njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye sifa aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka hazina ya serikali yenyewe, bila kuulizwa ni maskini kiasi gani. Kenya nayo mwaka 2018 ilianza kuwalipa wa umri huohuo shilingi 2,000 za Kenya. Uzuri wake ni kwamba kigezo ni umri tu. Umaskini unataka barua ya mtendaji, na barua inataka safari mbili na kujishusha mbele ya mtu uliyemwona akizaliwa. (Umri nao una vituko vyake: wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawana cheti, na mwaka wao hutafutwa kwa njaa fulani au kwa chifu aliyekuwa akitawala.) Kwa pensheni hiyo nauli inapatikana. Rafu, hata hivyo, haijazwi na pensheni. Fedha ikiishia mkononi mwa mzee peke yake, itapita zahanati na kumalizikia duka la dawa.

Ninachokitaka ni fedha imfuate mzee hadi dirishani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Serikali ingeanza na wenye miaka 70 na kuendelea, wote, bila barua, ikawalipia mchango wao, na zahanati ikarejeshewa kwa kila mzee inayemtibu kama inavyorejeshewa kwa mtumishi wa umma. Atakayesema tajiri mzee naye atafaidika yuko sahihi, ila matajiri wa umri huo kijijini ni wachache, na kuwachuja kunagharimu fedha na heshima ya wengine wote.

Kabla sijaondoka, mganga mfawidhi alinionyesha daftari la misamaha. Lina jina, umri, kijiji, ugonjwa, na safu ya mwisho kulia ni ya kiasi kilichosamehewa. Kila mstari ulikuwa umejazwa kwa mwandiko safi. Chini ya ukurasa, penye neno "jumla", palikuwa patupu, na kurasa zilizotangulia hivyohivyo. Nilimuuliza sababu. "Nikijumlisha," akasema, "nimpelekee nani?"