Ndege Iliyonizidi Umri

Wiki hii nipo Laiser Hill, Ongata Rongai, kwa dadangu. Jana ndege mbili za kivita zilipita zikinguruma mpaka vikombe vya chai vikatetemeka. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hizo ni mpya?" Nikacheka. Kama ni F-5, nikamwambia, aina hiyo ilifika Kenya mwaka 1978, mimi sijazaliwa.

F-5 ni ndege ndogo ya injini mbili, kazi ya kampuni ya Northrop ya Marekani. Hupigana angani na pia hudondosha mabomu. Kwetu kituo chake ni Laikipia, Nanyuki. Lakini bingwa wa kudumu ni B-52 ya Marekani: iliruka mara ya kwanza 1952, ya mwisho ikatoka kiwandani 1962, na mpango ni kuitia injini mpya za Rolls-Royce iruke hadi miaka ya 2050.

Siri ni nini? Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka tu, bali kwa saa za kuruka na mara za kutua. Kila safari hulikunja bawa kidogo, na chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Mafundi hutafuta nyufa mapema, hubadilisha kipande kilichochoka, nyaya, hata injini. Ni kama jahazi: ubao ukioza hutolewa, ukatiwa mwingine, likapigwa kalafati, likarudi majini na jina lile lile.

Ila jahazi hubeba boriti na tende. Hizi hubeba mauti. Tangu jeshi letu lilipoingia Somalia Oktoba 2011, F-5 zimepiga huko, na Kismayu ni kwa ndugu zetu Wabajuni. Mlio unaomfurahisha mtoto wa Rongai, huko humfanya mama akumbatie wanawe.

Nikamsimulia mpwa wangu habari ya 1 Agosti 1982. Waasi waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki waruke kutoka Nanyuki wakaipige Nairobi. Marubani wakayatupa mabomu msituni, Mlima Kenya, wakarudi. Ndege zilikuwa bado mpya, hazina kasoro. Kilichouokoa mji ni dhamiri ya waliozirusha, na hiyo haina fundi wa kuibadilisha ikichoka.