Spika Zilizotoka Uwanjani

Kamati ya kanisa ikiniita kuzungumzia mitambo, swali la kwanza huwa lilelile: "Fundi, wati ngapi?" Haulizi mtu kuta ni za nini, wala kama kuna dari au ni bati tupu, wala kama mchungaji wao huhubiri kwa utaratibu au kwa kasi. Wati tu. Nimeifanya kazi hii hadi mvi zimenikuta, na ninaamini swali hilo lina historia. Halikuzaliwa kanisani, lilitoka uwanjani.

Tuanze na jengo, maana lilitangulia. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lilijengwa na Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa. Msingi uliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, na Krismasi ya 1877 watu walisali humo ingawa ujenzi ulikuwa haujakamilika. Paa lake ni kuba refu la zege ya mawe ya matumbawe na saruji. Wapo waliobashiri kwamba litaporomoka, lakini bado lipo. Kuba la namna hiyo halimezi sauti, huirudisha. Wimbo wa taratibu ukiimbwa humo unanona, nota moja ikiipokea nyingine. Maneno ya haraka yakisemwa humo hupandana, na aliyeketi nyuma anaambulia mvumo.

Wahubiri wa enzi hizo walilijua hilo bila kufundishwa na fundi. Walisimama kwenye mimbari iliyoinuliwa, wakatamka neno kwa neno, wakanyamaza kidogo mwisho wa sentensi ili kuta zimalize kusema. Sehemu kubwa ya ibada iliimbwa, na wimbo ndio unaovumilia mwangwi. Kwa Walutheri wa Kilimanjaro wamisionari Wajerumani walileta na matarumbeta, na tarumbeta halingoji umeme.

Hesabu ya mambo haya ilipatikana mbali, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 Wallace Sabine aliombwa aokoe ukumbi mpya wa mihadhara ambao neno likitamkwa lilisikika likizunguka kwa zaidi ya sekunde 5. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaipanga humo usiku, akapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa sauti ilichukua muda gani kufa. Aligundua kwamba kinachoamua ni ukubwa wa ukumbi na vitu laini vilivyomo, watu wakiwemo. Ndiyo sababu fundi anayejaribu mitambo Jumamosi kanisa likiwa tupu hukuta mambo mengine kabisa Jumapili. Miili yetu hunyonya sauti.

Spika yenyewe ilikuwa na shabaha nyingine. Mwaka 1915 Peter Jensen, mhamiaji kutoka Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walifunga honi kwenye kifaa chao cha umeme huko California, na mkesha wa Krismasi mwaka huohuo wakaupelekea umati wa San Francisco muziki na hotuba kwa spika. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alihutubia kwa mtambo wao uwanja uliojaa watu huko San Diego. Zingatieni: uwanja. Honi ina sifa mbili zinazoufaa uwanja. Inatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo, na inaitupa mbele, mbali. Haina besi, lakini maneno hayahitaji besi.

Kwetu nako ilianzia nje. Kati ya 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamisionari lilikuwa nyuma ya mradi wa sinema uliokuwa na makao Vugiri, Usambara. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji na kusikilizishwa kwa spika, huku lori likizunguka Afrika Mashariki. Kwa wengi waliokusanyika usiku kuzitazama picha hizo, nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti kubwa kuliko kifua cha binadamu.

Kisha ikaja mikutano ya injili. Billy Graham alihubiri Moshi mwaka 1960. Baadaye Moses Kulola, aliyefariki mwaka 2013, aliwakusanya watu viwanjani kwa miaka mingi, na nyuma yake kizazi kizima cha wainjilisti. Vifaa vilikuwa amplifaya ya kutumia betri ya gari, honi mbili juu ya mlingoti, na maiki mbili ikiwa kuna mkalimani. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kwa hiyo aliyetaka kufika mbali aliongeza nguvu, na alikuwa sahihi. Mkutano ukizaa usharika, honi zilezile ziliingia ndani ya banda la mabati, zikapigiliwa ukutani zikitazamana. Zilikuwa kama mchunga ng'ombe aliyeingia sebuleni akiendelea kuita kundi.

Biashara ya nje ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vinanda vya umeme, magitaa ya besi na maboksi makubwa ya spika vilipatikana madukani, na mbio za wati zikaanza rasmi. Sasa besi nayo ilinaswa chini ya bati. Mvua ikinyesha, fundi anaongeza. Mvua ikikatika, hakumbuki kupunguza. Majirani wakalalamika, na Tanzania ikatunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2015.

Sasa niwajibu wanakamati. Kuzidisha wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Mhubiri akiisogeza maiki kutoka sentimita 20 hadi 10 mbele ya mdomo, amepata desibeli 6 bure. Kuzipata kwa amplifaya kungehitaji wati mara nne, na mluzi ungekuja nazo. Spika ziinuliwe na kuinamishwa kuelekea watu, zisielekee ukuta wa nyuma. Kanisa likiwa refu, wekeni spika ndogo katikati. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 20 kutoka mbele icheleweshwe takribani sekunde 0.06, la sivyo mzee wa benchi la mwisho atamsikia mchungaji mara mbili. Mikisa za kidijitali hufanya hivyo kwa kubonyeza tu. Penye kuba la mawe, chagueni spika nyembamba za wima, ambazo hazimwagi sauti juu.

Na kabla ya kununua chochote, ingieni kanisani likiwa tupu, mpige kofi moja katikati. Likiendelea kulia muda mrefu, fedha za kwanza zitumike kwenye dari na mapazia. Spika zitasubiri.