Ardhi Ipumzikayo si Ardhi Tupu: Mipango ya Kilimo Vijijini Kongo, 1885–1973

Mkulima wa msitu wa Kongo hulima konde lake miaka miwili au mitatu, kisha huliacha. Magugu huota, vichaka hufuata, na baada ya miaka kumi au zaidi miti huwa imekwisha kuirudishia ardhi rutuba yake. Mgeni apitaye hapo huona pori. Mwenyeji huona shamba la babu yake. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha historia ya mipango ya ardhi katika nchi hii.

1. Ardhi isiyo na mwenyewe

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi yote iliyo tupu ni mali ya dola. Amri haikuuliza utupu ni nini. Dekreto ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kurekebisha jambo hilo: iliruhusu wenyeji wapewe eneo hata mara tatu ya lile walilokalia na kulilima. Lakini hesabu haikutosha. Jamaa ikilima miaka 3 na kupumzisha ardhi miaka 12, mzunguko ni wa miaka 15. Basi kila mwaka hulimwa sehemu moja tu katika tano. Kwa kilimo cha namna hiyo, mara tatu ni upungufu. Salio lilihesabiwa kuwa la dola, na dola iliweza kuligawa. Mnamo 1911 kampuni ya Lever ilipewa haki ya kuchagua ardhi katika duara tano, kila moja yenye nusu kipenyo cha kilomita 60, hadi jumla ya hekta 750,000.

2. Kilimo cha lazima

Baada ya ardhi, serikali iligeukia kazi ya mkulima. Amri ya Februari 1917, iliyoandaliwa wakati Edmond Leplae alipokuwa mkurugenzi wa kilimo, iliwataka wanavijiji walime mimea iliyoagizwa na serikali hadi siku 60 kwa mwaka. Pamba ndiyo iliyoenea zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo ziliongezwa hadi 120. Matokeo yake makonde yalirudiwa kabla ya kupumzika vya kutosha, hasa karibu na barabara walikowekwa watu kwa urahisi wa ukaguzi. Rutuba ikapungua.

3. Peizana

Upungufu huo ndio uliozaa mpango wa peizana, yaani makao ya wakulima yaliyopangwa na serikali. Taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliundwa mwaka 1933, na kituo chake kikuu cha utafiti kikawa Yangambi. Kuanzia 1936 majaribio yalifanywa mahali mbalimbali. Mwaka 1942 yalifika kwa Waturumbu, majirani wa Yangambi. Msitu ulikatwa kwa mikanda yenye upana wa meta 100, ikielekea mashariki na magharibi ili mimea ipate jua. Kati ya mkanda uliolimwa na mwingine uliachwa mkanda wa msitu, ili mbegu za miti zirudi upesi. Kila jamaa ilipata fungu lake, na kila mwaka ilisogea mbele. Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 uliifanya peizana kuwa mojawapo ya nguzo za maendeleo ya vijijini.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Wataalamu wa Yangambi walikiri kwamba mapumziko ya ardhi, yaliyokuwa yakidharauliwa kama uvivu, ni elimu. Mikanda yao ilikuwa mzunguko wa wazee uliopimwa kwa kamba. Hata hivyo sheria haikufuata utaalamu. Mkulima aligawiwa fungu, lakini kwa kawaida hakupata hati. Kalenda ilishikwa na muniteri wa kilimo, na pamba ilibaki ya lazima. Ukoo uliojua mipaka ya vichaka vyake ulijikuta umepangwa upya na wapimaji.

4. Baada ya uhuru

Baada ya 1960 usimamizi ulidhoofika, na katika sehemu nyingi msitu uliifunika mikanda. Wengi wameona humo ushahidi wa ukaidi wa wanakijiji. Sababu iliyo karibu zaidi ni nyingine: mtu hatunzi mpaka usio wake.

Sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya tarehe 20 Julai 1973 ziliirudisha ardhi mikononi mwa taifa. Lakini taifa lilikuwa serikali. Kifungu cha 387 cha sheria ya 1973 kilizifanya ardhi za jamii za vijijini kuwa ardhi za serikali, na kifungu cha 389 kikaahidi amri ya Rais itakayofafanua haki za wakaaji. Kwa miongo kadhaa amri hiyo haikutolewa. Kichaka cha ukoo kikabaki pale kilipoachwa mwaka 1885: kinajulikana na majirani wote, hakijulikani na daftari.

Mpango wowote wa maendeleo unaoanza kwa ramani ya mashamba yanayolimwa leo huacha nje sehemu kubwa ya shamba. Swali la kwanza halina budi kuwa hili: ardhi hii inayopumzika ni ya nani, na nani atairudia?