Fumbo na ufumbuzi

Fumba macho, kisha yafumbue. Humo ndimo lilimo neno fumbo: jambo lililofumbwa, likisubiri kufumbuliwa. Ndiyo maana jibu lake tunaliita ufumbuzi, na nalipenda neno hili kuliko “jibu”.

Chukua lile la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi usiobeba zaidi ya yeye na kimojawapo; bila yeye kuwepo, chui atamla mbuzi, na mbuzi atayala majani. Wengi hukwama kwa kudhani kilichokwisha kuvushwa hakirudi. Kumbe mbuzi huvushwa, hurudishwa, huvushwa tena. Safari 7 kwa jumla.

Mpwa wangu alisikiliza hadi mwisho, akakunja uso: “Mjomba, chui alikubalije kupanda mtumbwi?” Nilicheka hadi machozi. Hilo nalo ni fumbo, tena zito kuliko la kwanza.